Mstari wa Kumi na Tano

Vijana wa kompyuta hapa Bukavu huniita fossile, yaani mfupa wa kale, na siku wakiwa na adabu huniita Mwalimu. Wananiambia kwamba lugha ya kompyuta ninayoipenda, ile BASIC, ilikufa zamani. Mimi huwajibu kwamba hata Kilatini kilikufa, na bado kuna watu wanaokula kwa Kilatini. Wanacheka, kisha wanarudi kwenye lugha zao za kisasa ambazo ukitaka kusema jambo tu, lazima kwanza uite nusu ya dunia ije ikusaidie. Lugha yangu haina maringo. Unaiambia neno moja, inakufanyia kitu kimoja.

Nilifundisha hesabu mpaka nywele zikawa nyeupe. Sasa naishi mtaa wa Nyalukemba katika nyumba ya vyumba vinne, na vitatu kati ya hivyo nimewaachia buibui. Mke wangu alitangulia mbele ya haki. Binti yangu Aimée yuko Kanada, ana watoto na theluji yake. Kila asubuhi, chai ikiwa bado motoni, naandika programu ndogo kwenye simu aliyonitumia: ya kutafuta tarehe ya Pasaka, ya kupanga namba zilizochanganyika, ya kuchora kilima kwa alama za nyota. Ikikubali kutembea nacheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Furaha hiyo haijapungua tangu ujana, sidanganyi. Shida ni kwamba furaha hutafuta mtu wa kuambiwa, na mimi nilikuwa naye mmoja tu, Déogratias wa Bagira. Nilipompoteza niliona afadhali ningepoteza macho.

Tulianza pamoja, enzi nchi hii inaitwa Zaïre. Tulikuwa walimu vijana katika shule moja ya Ibanda, na Padri Emile akarudi kutoka likizo ya Ulaya na kompyuta ndogo ambayo ilikuwa vibonyezo tu. Ilibidi uifunge kwenye televisheni ndipo uone kitu. Mashine moja, shule nzima inaitaka, na umeme ukija pale unapojisikia. Padri Emile hakupenda kuona watu wamekaa wakingoja umeme. Akatuuliza, mashine ni nini? Ni mtu anayetii bila kufikiri. Basi mmoja wenu awe mashine, mwingine ampe programu kwa mdomo, tuendelee na kazi.

Kanuni zilikuwa chache. Mashine haifikiri, haisaidii, haisahihishi. Inasikiliza mistari yote, ikiambiwa "anza" inaifuata mmoja baada ya mwingine, hata kama ni upuuzi. Haiongezi neno lake. Haisimami mpaka mwenye programu agonge meza mara mbili, na ikisimama inasema "Tayari" na kungoja. Amri zenyewe zilikuwa za Kiingereza, lugha tuliyoisikia redioni tu, kwa hiyo tukazisema kwa Kiswahili: uliza, sema, kama, rudia. Namba za mistari tukazitaja kwa Kifaransa, kama mtu yeyote wa Bukavu anavyotaja bei sokoni: dix, vingt, trente, yaani kumi, ishirini, thelathini. Tulikwenda kwa makumi kwa sababu, alisema Padri Emile, binadamu husahau. Ukiacha nafasi kati ya dix na vingt, kesho ukikumbuka ulichosahau utakiweka katikati, kwenye quinze, mstari wa kumi na tano, bila kubomoa kilichopo.

Programu yangu ya kwanza maishani ilikuwa hii. Dix, uliza jina. Vingt, sema "Jambo", ufuatishe na jina. Trente, rudia dix. Déo ndiye alikuwa mashine. Aliniuliza jina, akanisalimu, akaniuliza tena, akanisalimu tena, uso mkavu kabisa, na mimi nilicheka hadi nikasahau kugonga meza. Sikuwa nimeiandikia mwisho, na Déo hakuwa mtu wa kunionea huruma. Padri Emile ndiye aliyekuja kutugongea, akasema sasa tumejua kompyuta ni kitu gani.

Siku ya kwenda kumposea Déo mke, mchezo huu nusura utuvunjie ndoa. Alikuwa anatetemeka kwa hofu ya baba mkwe. Akaninong'oneza, "Zagabe, unipatie programu, nisifikiri." Nikampa ya kumimina bia. Kwa haraka yangu nikasema kama chupa imekwisha, acha, badala ya kusema kama glasi imejaa. Déo akamimina. Glasi ikajaa, bia ikapita mezani, ikashuka kwenye suruali ya mzee, naye anamimina tu kwa heshima zote, kwa sababu mashine haimsahihishi mwenye programu. Tuliongeza mbuzi wa kuomba msamaha. Apolline alikubali kuolewa, lakini mchezo hakuusamehe. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa akitusikia kutoka jikoni na kusonya.

Kompyuta ya Padri Emile iliibwa wakati wa vita, na Padri mwenyewe alizikwa kwao Ulaya. Sisi tuliendelea. Kila Jumamosi nilipanda gari hadi Bagira, kwenye baraza ya Déo, meza ya mbao kati yetu. Sikuwahi kukaa kabla hajasema, "Zagabe, umekawiya," hata siku niliyowahi mpaka nikamkuta ananawa. Kisha angegeuza shingo kuelekea jikoni: "Apolline, leo umepika nini?" Apolline alilichukia swali hilo kuliko bia. "Utaona ku sahani," angejibu, na Déo angenikonyeza, na tungeanza. Nilipopata simu nilimpelekea aione. Ilimaliza programu yetu kabla hajavaa miwani. "Sasa iko na haraka ya kwenda wapi?" aliniuliza, na nikairudisha mfukoni.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, niliteleza kwenye mteremko wa kwetu nikavunjika mguu. Mfupa wa mzee hauna haraka ya kuunga. Nililala ndani msimu mzima wa mvua, na nilichokuwa nacho cha Déo ni simu tu. Mwanzoni tulizungumza vizuri. Baadaye Apolline ndiye alikuwa anapokea. "Anachoka kidogo, shemeji." Siku nyingine, "Anasahausahau." Halafu akaacha kumpa simu, na mimi nikaacha kuuliza kwa kuogopa jibu.

Kiangazi kilipoingia nikashika fimbo yangu nikaenda. Déo alikuwa barazani kwenye kiti chake, shati limepigwa pasi, ndevu zimenyolewa na mkono usio wake. Nilisimama mbele yake nikingoja aseme nimechelewa. Nilikuwa nimechelewa msimu mzima, alikuwa na haki ya kunitukana.

"Jina yako ni nani?" akauliza.

"Zagabe."

"Jambo, Zagabe."

Nikavuta kiti. Nikaegemeza fimbo ukutani.

"Jina yako ni nani?"

Nilicheka, kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine. "Ni mie, Zagabe."

"Jambo, ni mie Zagabe." Macho yake yalikuwa kwenye kifungo cha koti langu. "Jina yako ni nani?"

"Déo, usinichekeleye. Muguu inaniuma."

"Jambo, usinichekeleye," akasema kwa adabu. "Jina yako ni nani?"

Apolline alitoka akifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa amekonda. Alinisalimu, akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Usikasirike, shemeji. Haiko weye peke yako. Na mie ananiulizaka, tangu asubui mpaka analala. Daktari anasema ni kichwa njo inazeeka. Miaka yote ile tuko naye, na mie ananiulizaka jina."

Nilipaswa kumfariji. Badala yake nilinywa maji, nikasema mguu unaniuma, nikaondoka. Njiani nilikasirikia vumbi, nikakasirikia mashimo ya barabara, nikamkasirikia Mungu kwa jina lake kamili. Nilikuwa na wivu hata na Apolline, ambaye angalau anaulizwa jina na mtu anayelala naye nyumba moja. Mimi nilirudi kwenye vyumba vyangu vinne nikiwa mtu asiyejulikana na yeyote kati ya hapa na Kanada. Niliumia, na sina neno zuri zaidi la kulisema.

Asubuhi, kwa kinyongo tu, niliandika ile programu yetu ya kwanza kwenye simu. Dix, vingt, trente. Nikaianzisha. Ikaniuliza jina langu. Sikutaka kuijibu, nikaandika: niache. Ikajibu, JAMBO NIACHE. Ikauliza jina langu.

Niliweka kikombe chini. Nimefundisha watoto wengi sana, na nimewaona wazee wakisahau, wa kwetu na wa jirani. Mzee aliyesahau ukimwambia usinicheke hushangaa, au hununa, au huomba radhi. Hakuna anayekusalimu kwamba jambo, usinicheke. Anayefanya hivyo ni mmoja tu, asiyefikiri, anayechukua chochote ulichompa akidhani ni jina. Na mashine haisimami mpaka meza igongwe. Sikumaliza chai.

Nilimkuta pale pale, shati jingine. Apolline alikuwa jikoni nyuma, nikasikia mwiko kwenye sufuria. "Jina yako ni nani?" akaniuliza Déo, na safari hii sikujibu. Nilikaa. Nikagonga meza kwa kifundo cha kidole, mara mbili.

Akanyamaza. Mabega yake yakashuka kidogo, kama mtu aliyetua debe la maji.

"Tayari," akasema.

Nikamwita, Déo. Hakuitika. Nikamwita ndugu yangu. Nikamkumbusha Padri Emile, nikamkumbusha suruali ya baba mkwe, nikacheka mimi peke yangu pale palipokuwa na kicheko. Aliniangalia kwa utulivu, anangoja. Wala hakuniuliza jina tena. Nilikaa muda nikimtazama kabla sijaelewa kwamba hakuna neno langu hata moja lililoingia, kwa sababu yote yalikuwa maneno ya bure, hayana namba. Akili ya Déo ilikuwa kama nyumba iliyofungwa madirisha yote na kubaki na mlango mmoja mwembamba, ambao Padri Emile alitupasulia tukiwa vijana. Cha kupita pale ni mstari tu.

Nilijua ninachotaka. Niliona aibu kidogo, lakini nani angeniona?

"Dix," nikasema. "Sema: Zagabe, umekawiya. Vingt, rudia dix. Anza."

"Zagabe, umekawiya," akasema Déo.

Ilikuwa sauti yake. Ule mkwaruzo, na lile jina langu analolivuta mwishoni kama anayekemea mtoto. "Zagabe, umekawiya." Nilifunika uso kwa mikono. Ndiyo, nimekawia, nikamwambia, nilivunjika mguu, nisamehe. "Zagabe, umekawiya." Yale yalikuwa maneno yangu mwenyewe, nimempa mimi dakika hiyo hiyo, na nilikuwa nayapokea kama mgeni aliyetoka mbali. Kila alipomaliza niliinua kichwa kidogo, nikingoja aongeze neno moja ambalo sikumpa. Lolote. Hata tusi. Lakini Déo tangu zamani alikuwa mashine bora kuliko mimi. Hakuwahi kuongeza neno.

Sikusikia mwiko ukinyamaza. Apolline alikuwa amesimama mlangoni na sahani mbili, mvuke unampanda usoni.

"Amekujua," akasema polepole. "Shemeji, amekujua."

"Zagabe, umekawiya," akasema Déo.

"Weye unamusikia? Anakutaja. Acha niitie Héritier telefone, asikie baba yake."

Héritier ni mtoto wao wa kwanza, yuko Lubumbashi. Nilimwona Apolline akitafuta mahali pa kuweka sahani ili apate mkono wa kushika simu, na uso wake ulikuwa umerudi nyuma miaka mingi. Ningeweza kunyamaza. Ningempa furaha ya jioni moja, naye angempa mwanawe. Lakini kesho asubuhi angeamka aulizwe jina, na siku hiyo lingemuuma kuliko siku zote. Heri kumkatisha tamaa sasa, pangali na mtu wa kukaa naye.

"Mama Héritier," nikasema, "hapana. Ni muchezo yetu. Ni mie njo nilimupatia ile maneno."

Aliziweka sahani mezani. Nilijikaza kungoja hasira yake, na ningeikubali. Mwanamke aliyeona suruali ya baba yake ikiloweshwa kwa mchezo wetu, akavumilia Jumamosi zetu zote, leo ananikuta namchezea mgonjwa. Lakini yeye alivuta kigoda, akakaa kati yetu, akamtazama mumewe akinikemea kwa kuchelewa, mara moja, mara nyingine, na nyingine. Upepo wa ziwani ulipandisha harufu ya moshi wa majirani. Apolline alinyoosha kitenge chake magotini, akakinyoosha tena.

"Ulimupatia dix na vingt?" akauliza, bila kuniangalia.

"Ndiyo."

"Basi quinze iko wazi."

Sikumfundisha mimi, wala Déo. Hakuna aliyewahi kumwita akae nasi mezani. Alikuwa amejifunza kutoka jikoni, ukuta katikati, sufuria motoni, miaka yote ile tuliyodhani anasonya tu.

"Iko wazi," nikasema.

"Uniweke na mie mule."

"Aseme nini?"

Alifikiri. Niliona anachagua, na nilijua ana maneno mengi ya kuchagua, ya ujana na ya kitandani na ya siku za msiba, ambayo mimi sistahili kuyasikia. Akayaacha yote.

"Aseme ile yake tu. Ile ya chakula."

Nikagonga meza mara mbili.

"Tayari," akasema Déo.

"Quinze," nikamwambia. "Sema: Apolline, leo umepika nini. Anza."

Tulingoja wote wawili.

"Zagabe, umekawiya," akasema Déo. "Apolline, leo umepika nini?"

Apolline alifungua mdomo, na kwa tabia ya miaka nilitegemea kusikia kwamba ataona kwenye sahani.

"Sombe," akajibu. "Nimepika sombe, Papa Héritier. Na sambaza."

"Zagabe, umekawiya. Apolline, leo umepika nini?"

"Sombe na sambaza."

Mashine haingoji jibu ambalo haikuliuliza, na Déo hakungoja. Aliendelea kwa sauti ile ile, jina langu, jina la mkewe, jina langu. Apolline alimjibu kila safari, wala hakuchoka kusema sombe, na mimi kila safari niliomba radhi kwa kuchelewa. Mvuke wa kile kisamvu na wale dagaa wa ziwani ulipungua, kisha ukaisha. Mafuta yakaganda pembeni mwa sahani. Mkono wa Apolline ulikuwa juu ya meza na wangu ulikuwa juu ya meza, na alijua kama ninavyojua kwamba mtu lazima agonge, mgonjwa apate kula.

"Gonga weye," akaniambia.

"Gonga weye, mama Héritier."

"Apolline, leo umepika nini?" akauliza Déo, na mikono yetu yote miwili ilibaki pale pale ilipokuwa.